Wale wa Misheni Wanataka Nini kwa Watoto wa Mtaani?

Kila Ijumaa jioni, swala ya Magharibi ikishapita, vijana sita au saba wa kanisa moja hapa Malindi hushuka kwenye tuktuk na masufuria mawili makubwa, ndoo ya maji ya kunawa na gitaa. Huteremsha vitu vyao kando ya soko, karibu na pale wavulana wa mtaani wanapotandika maboksi yao usiku. Chakula kwanza, kisha nyimbo, kisha maneno machache, kisha wanaondoka. Baraza ya kahawa tunayokaa sisi iko hatua chache tu kutoka hapo, kwa hiyo tumekuwa mashahidi bila kuitwa, na mashahidi wa barazani hawakosi la kusema.

Wiki iliyopita mzee mmoja alisema wale vijana wananunua watoto kwa sahani ya wali. Mwenzake akamjibu kwamba heri anayewapa wali kuliko sisi tunaowafukuza kwa maji tuliyooshea vikombe. Wa tatu akaitaja Shakahola, ule msitu walikofia wafuasi wa kanisa moja kwa kufunga hadi kufa. Wa nne akasema hao wote ni yatima, wapelekwe vituoni, yaishe. Wa tano akataka kujua mbona Wazungu hawaji wenyewe siku hizi. Kikombe cha pili kilipofika tulikuwa tunabishania mambo matano mbalimbali, na yote tumeyapa jina moja: misheni.

Nimeyachukua yale mabishano nikajaribu kuyachambua moja moja. Niseme mapema kwamba mimi ni Mwislamu niliyesoma shule ya msingi iliyojengwa na wamishenari. Baba Yetu niliijua kabla sijalijua vizuri jedwali la saba, na imani yangu haikupungua kitu. Sina kesi na upande wowote.

Mtaa si kabila

Tuanze na mtoto mwenyewe, maana tukimkosea yeye tutakosea kila kitu kinachofuata.

Jina analoitwa ni chokoraa, na asili yake haifichiki: kuchokora, kuchakura majalalani. Ni tusi, na wenyewe wanajua hivyo hata wanapoitana kwa kicheko. Serikali na mashirika husema watoto wa mitaani. Mwaka 2017 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maelezo yake ya Jumla namba 21, ilichagua usemi mrefu zaidi: watoto walio katika hali ya mtaani. Unachosha ulimi, ila ndani yake mna jambo. Hali ni kitu ambacho mtu huingia na hutoka. Hakuna mtoto anayezaliwa akiwa wa kabila la mtaa.

Kaa sokoni kutwa utaona kwamba hawako namna moja. Yuko anayebeba mizigo, anaokota chupa na vyuma chakavu, anapara samaki kwa wavuvi, na jua likizama anarudi Maweni au Kisumu Ndogo na shilingi mia ya kumpa mama. Huyo anafanya kazi mtaani lakini kwao anako. Yuko wa pili aliyekata kamba kabisa: alitoka Langobaya au Magarini, akapanda gari kwa kujificha au kwa miguu yake, na sasa usingizi wake ni kwenye baraza za maduka. Na yuko wa tatu ambaye mama yake naye yuko hapo hapo mtaani, akamzalia hapo. Hawa watatu wanafanana nguo tu. Ukimpa wa kwanza kitanda cha kituoni umemnyang'anya mama yake. Ukimpa wa pili karo ya shule bila mahali pa kulala umempa kiatu cha mguu mmoja.

Wa nne haonekani, na hapa nitakaa kidogo. Ni msichana. Hesabu wavulana wanaokula wali ule wa Ijumaa, kisha hesabu wasichana. Mara nyingi hutapata hata mmoja. Si kwamba wasichana hawakimbii nyumba zenye njaa na vipigo. Wanakimbia, ila msichana hakai barabarani siku tatu kabla hajachukuliwa: ama kwenda kufua na kulea watoto wa watu bila mshahara wa maana, ama kwenda vyumba vya kulala wageni. Mji wetu ni wa utalii, na tangu ripoti ya UNICEF ya mwaka 2006 kuhusu biashara ya ngono na watoto katika Pwani ya Kenya, hakuna mtu mzima wa Malindi mwenye haki ya kusema hajui. Kwa hiyo huduma yoyote inayongoja watoto wajikusanye penye sufuria itawakosa wasichana, na nadhani hilo ndilo pengo kubwa la kazi hii hapa kwetu, wala halihusiani na dini.

Wako wangapi? Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima, Nairobi ikiwa na 15,337 na Mombasa 7,529. Angalia neno: watu, si watoto. Wamo watu wazima humo. Ukisikia mhubiri au mwanasiasa anataja malaki, muulize amewahesabu lini.

Yatima wa nani?

Neno yatima limetuvuruga zaidi ya yote. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla hajabaleghe. Mama akiwa hai bado huyo ni yatima. Katika takwimu za UNICEF, ni aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Katika kichwa cha mfadhili aliye Verona au Texas, ni mtoto asiye na mtu yeyote duniani. Neno lile lile, watu watatu, picha tatu. Ndiyo maana kituo kinaweza kuandika yatima kwenye kibao chake bila kusema uongo, na hapo hapo nusu ya watoto wakawa na mama anayesuka makuti kilomita thelathini kutoka hapo.

Wengi wa watoto wanaolala mtaani wana mzazi aliye hai au ndugu wa karibu. Kilichowatoa nyumbani mara nyingi hakikuwa kifo. Kilikuwa ukame ulioua mbuzi, baba wa kambo mwenye mkono mwepesi, mama aliyezama kwenye unga wa kulevya, shule iliyomrudisha kwa sababu ya sare. Kisha mtaa nao una mvuto wake, tusijidanganye: una pesa ndogondogo, una marafiki, hauna wa kukuuliza ulikuwa wapi. Ile gundi ya mafundi viatu wanayonusa kwenye chupa inaua njaa na inatuliza baridi ya usiku wa kusi, na inaua ubongo polepole. Muguka nayo ipo, yale majani ya kutafuna, ile ile iliyozua mvutano mwaka 2024 kaunti za Pwani zilipoipiga marufuku.

Neno moja, kazi nne

Sasa tuingie kwenye misheni yenyewe. Neno limetoka Kilatini na maana yake ni kutumwa. Kanisa la Kiswahili husema utume. Lakini ukiwafuata waliotumwa kwa wiki moja utakuta wanafanya kazi nne ambazo sisi wa barazani tunazichanganya kama mboga za mchuzi mmoja.

Kuna kuhubiri: kumwambia mtoto habari za Yesu. Kuna kulisha, na pamoja na kulisha ni kuosha, kuvisha, kufunga vidonda. Kuna kulea, yaani kumpa mahali pa kulala na mtu mzima wa kumjibu. Na kuna kurudisha: kumtafutia mtoto njia ya kwenda kwa watu wake, au kwa watu wengine watakaokuwa wake.

Mfano wa haraka kwa sisi watu wa bahari. Chombo kimetoboka na kinaingiza maji. Mmoja ameshika upo, kata ya kutolea maji, anafua maji. Huyo ndiye anayelisha. Bila yeye mnazama saa hii hii. Lakini akifua mwaka mzima bila mtu kushuka na pamba na mafuta ya sifa kukalafati, yaani kuziba, pale palipoachana, mtakufa mmechoka. Anayerudisha ndiye anayekalafati. Kazi yake haionekani, haina nyimbo, wala haipendezi kwenye picha. Na wako wanaosimama tezi wakiomba dua kwa sauti. Sisemi dua haina kazi, nasema tu kwamba maji hayajali.

Makundi mengi yanaanza na kufua maji kwa sababu ndiyo kazi ambayo mtu yeyote mwenye sufuria anaweza kuifanya Ijumaa moja. Huwezi kuwalaumu kwa kuanzia hapo. Swali ni kama miaka mitano baadaye bado wako hapo hapo na sufuria kubwa zaidi.

Ugomvi huu ni mzee

Nilipomsikia mzee wetu akisema wananunua watoto, nilikumbuka kwamba maneno hayo yalisemwa Pwani hii kabla babu yake hajazaliwa.

Mtakatifu Francis Xavier, mmishenari Mkatoliki, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika hapa baharia mmoja. Katika barua aliyoandika baadaye alisimulia mazungumzo yake na Mwislamu mmoja wa hapa mjini, aliyemlalamikia kwamba kati ya misikiti kumi na saba ya mji, ni mitatu tu iliyobaki na watu. Mimi hupenda kisa hicho kwa sababu wale wawili hawakupigana. Walilalamika pamoja kuhusu watu wasioswali.

Ugomvi ulikuja karne tatu baadaye. Krapf, mmishenari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, akafungua kituo Rabai mwaka 1846. Mwaka 1875 shirika lake la misheni la Uingereza, CMS, likaanzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa, watoto wakiwa wengi. Kule Bagamoyo mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshaanza kuwalea watoto waliowanunua sokoni ili kuwapa uhuru. Hao ndio watoto wa kwanza wa misheni Pwani: watoto waliong'olewa, wasio na wa kuwadai. Walipewa jina jipya, nguo, ufundi na dini, vyote kwa mkupuo. Rabai nayo ikawa kimbilio la watoro kutoka mashambani, yakiwamo ya huku kwetu Malindi, na mabwana wao wakapiga kelele kwamba misheni inawaibia watu.

Kwa hiyo hofu ya mzee ina mizizi, ila ina pande mbili. Yule mtoto wa Frere Town alikombolewa kweli. Na jina lake la kwanza lilipotea kweli.

Huko Ulaya na Marekani hadithi ilienda vilevile. Shule ya Jumapili, hii Sande skuli tunayoijua kuwa ya watoto wenye soksi nyeupe, ilipata umaarufu kwa Robert Raikes wa Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, na haikuwa ya watoto wa waumini hata kidogo. Ilikuwa ya watoto maskini waliofanya kazi siku sita viwandani na kurandaranda mitaani siku ya saba, walifundishwa kusoma. Mwaka 1841 mjini Turin, padre kijana Yohane Bosco alianza kukusanya wavulana waliotoka mashamba kutafuta vibarua mjini, akacheza nao kabla ya kuwafundisha. Kanuni yake ilikuwa mambo matatu, akili, dini na upendo, na alikataza fimbo. Wasalesiani wake bado wanafanya kazi hiyo Kenya. Na mwaka 1973 Nairobi, padre Mholanzi Arnold Grol alianzisha Undugu kwa ajili ya wale walioitwa paking boi, wavulana waliowaelekeza madereva pa kuegesha magari.

Kuna upande mwingine wa sarafu. Kuanzia mwaka 1854, shirika lililoanzishwa New York na mchungaji Charles Loring Brace lilipakia watoto wa mitaani kwenye treni na kuwagawa kwa familia za wakulima huko magharibi. Treni hizo zilikwenda hadi mwaka 1929. Wengine walipata wazazi wema, wengine waligeuzwa vibarua. Wakatoliki wakalalamika kwamba watoto wao wanapelekwa nyumba za Kiprotestanti wakapoteze dini, maneno yale yale unayoyasikia barazani kwetu, ila huko ilikuwa Mkristo akimlaumu Mkristo. Kosa la treni lilikuwa nia? Sidhani. Kosa lilikuwa kwamba ilikuwa treni ya kwenda tu.

Kazi ikifanywa sawasawa

Nimewaona wanaoifanya vizuri, na kinachoshangaza ni jinsi inavyokwenda polepole.

Wiki za mwanzo ni kutembea tu. Hakuna Biblia wala sahani. Wanakwenda wawili wawili, saa ile ile, sehemu ile ile, mpaka wavulana wazoee nyuso zao. Wanajifunza majina, kwanza ya uongo, baadaye ya kweli. Mtoto wa mtaani ana majina mengi kama jahazi lina kamba, na la kweli hulitoa mwisho.

Kisha inafunguliwa nyumba ya mchana: bomba, sabuni, mpira, mtu wa kufunga kidonda. Hakuna kulala. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, na mtu mwenye uzoefu hamuulizi mtoto kwa nini ulitoroka. Humuuliza nani hupika vizuri kwenu. Jibu la swali hilo limewarudisha watoto wengi kuliko mahubiri yote.

Jina na kijiji vikipatikana, jambo linatoka mikononi mwa kanisa peke yake. Ofisi ya afisa wa watoto lazima ijue. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamhesabu mtoto anayeishi mtaani kuwa anayehitaji ulinzi na matunzo, na ulinzi huo una njia zake: afisa, polisi, mahakama ya watoto. Mtu yeyote, awe padre, shehe, mtalii au shangazi mwenye huruma, hana ruhusa ya kumwokota mtoto barabarani akaenda naye kwake kimyakimya. Huruma si hati.

Ndipo safari ya kijijini. Kwanza bila mtoto, kwenda kuona: je, yule baba wa kambo bado yupo? Bibi ana nguvu? Chifu anasemaje? Halafu pamoja na mtoto. Halafu tena baada ya mwezi, na tena, na tena. Watu hudhani kumrudisha mtoto ni siku moja ya machozi na picha. Wengine hurudi mtaani mara mbili au tatu kabla nyumba haijawashika, na aliyemrudisha asipokwenda tena kumtazama, basi alimsafirisha tu.

Kubatizwa kwa sahani

Sasa lile swali linalouma. Je, wanawalisha ili wawabatize?

Wako wanaotamani hivyo, tusifichane. Lakini ukienda kwenye taratibu zao wenyewe utakuta mlango si mwepesi kama tunavyodhani. Kanuni za Kanisa Katoliki zinataka kwa kawaida mzazi mmoja au mlezi aridhie ndipo mtoto mchanga abatizwe. Na akishafika umri wa kujitambua, yapata miaka 7, hufundishwa kwanza na aombe mwenyewe. Makanisa ya Kipentekoste kwa kawaida hayabatizi wachanga. Yanamtaka mtu akiri kwa kinywa chake. Kwa hiyo anayembatiza mtoto wa mtaani wiki ya pili baada ya sahani ya tatu amevunja utaratibu wa kanisa lake kabla hajafika kwenye sheria ya nchi.

Na sheria ya nchi ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini na inakataza kumlazimisha mtu kufanya jambo lililo kinyume na imani yake. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Mtoto mwenye njaa hana uhuru wa kukataa. Hapo ndipo penye tatizo, hata kama hakuna aliyemshika mkono.

Ajabu ni kwamba wavulana wenyewe wamelielewa hili mapema kuliko sisi. Namjua mmoja pale sokoni ambaye, kwa hesabu yake, ameokoka makanisa matatu, na Ramadhani ikiingia jina lake ni Ramadhani na hakosi futari hata siku moja. Mkono mtupu haulambwi, naye anajua kila mkono unajaa siku gani. Nilimuuliza kwao ni dini gani. Akaniangalia kama aliyeulizwa swali la kipumbavu, akasema, "Kwetu ni Marafa."

Waislamu tusijione tumetoka salama hapa. Tunapika futari mwezi mmoja, na miezi kumi na moja tunawaachia wengine masufuria, kisha tunalalamika wimbo unaoimbwa. Kafala, utaratibu wetu wa kumchukua mtoto na kumlea bila kumfuta nasaba yake, sasa unatambuliwa na ile Sheria ya Watoto ya 2022. Mtoto hubaki na jina la baba yake. Ukiufikiria vizuri, ni jibu la lile kosa la Frere Town. Ni familia ngapi za mtaa wetu zimekwenda kuuliza habari zake kwa afisa wa watoto, hilo mniambie nyinyi.

"Wapelekwe kituoni"

Hili ndilo suluhisho linalopendwa na wote, Wakristo, Waislamu na watalii, na ndilo linalohitaji kutazamwa upya kuliko yote.

Mche wa mwembe huoteshwa kwenye mkebe. Ni jambo jema. Mkebe unaukinga na kuku na jua. Usipouhamisha kwa wakati, mizizi inazunguka na kuzunguka mle ndani mpaka inajinyonga, na siku utakayoupeleka shambani utasimama mwaka mmoja ukidumaa. Kituo cha watoto ni mkebe. Kwa mtoto aliyekuwa anapigwa, mkebe unaokoa maisha. Kwa miaka kumi, unadumaza.

Hili si shairi tu. Kuanzia mwaka 2000 watafiti mjini Bucharest, Romania, walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa kwenye makao ya serikali. Baadhi walipelekwa kwa familia za kulea, wengine wakabaki. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliotoka mapema. Kenya nayo ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuhamisha malezi kutoka vituoni kwenda kwenye familia na jamii. Kwa hiyo kanisa linalochangisha pesa leo kujenga bweni jipya la watoto wa mtaani linavuta kamba upande ambao serikali na watafiti wameuacha.

Tatizo ni kwamba bweni linapigika picha. Mfadhili hulala vizuri akiona vitanda ishirini vyenye shuka za buluu. Nani atakayechangia nauli ya mfanyakazi anayekwenda Baricho mara sita kumshawishi mjomba?

Kuhusu uvumi kwamba watoto hupandishwa ndege kwenda Italia: kuasiliwa kwa watoto wa Kenya na wageni kulisimamishwa na Baraza la Mawaziri mwaka 2014. Ukimwona mtalii anayedai yuko kwenye utaratibu wa kumchukua mtoto, hilo ni la kuripoti. Na Wazungu walikwenda wapi? Walizeeka, na kazi imerithiwa. Jimbo Katoliki la Malindi lilipoundwa mwaka 2000, askofu wake wa kwanza, Francis Baldacchino, alikuwa mtawa Mkapuchini kutoka Malta, na aliyemfuata, Emanuel Barbara, vilevile. Wa sasa, Willybard Lagho, ni Mkenya. Wale vijana wa Ijumaa na gitaa lao ni wa Muyeye na Barani. Misheni imekuwa jirani.

Baada ya Shakahola

Sitaandika Malindi kuhusu kanisa na watoto nikaruka jina hilo. Tangu mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, watoto wengi wakiwamo, mzazi yeyote hapa akiona kundi la dini na watoto huanza kuhesabu vichwa. Ana haki.

Lakini hofu isiyochagua haimlindi mtoto. Tofauti inaonekana kwa macho. Pale msituni watu walijitenga. Watoto walitolewa shule, hospitali ilikataliwa, jamaa walizuiwa. Basi hayo ndiyo ya kuangalia kwa kundi lolote, liwe la msalaba au la mwezi: mtoto anaonekana shuleni? Akiugua anapelekwa hospitali? Mama yake akija bila kuarifu anafunguliwa mlango? Afisa wa watoto anawajua kwa majina? Mahali ambapo jibu ni hapana hata mara moja, nambari ya simu ya watoto ni 116, ni bure, saa yoyote. Anayehubiri sokoni mbele ya wauza kahawa thelathini ana mashahidi wa kutosha.

Ijumaa hii mzee wetu hakungoja mabishano. Sufuria zilipofunikwa, alimwita msichana anayewaongoza wale vijana, akamwambia, "Mwanangu, kaa hapa. Hawa watoto kwao ni wapi?"

Msichana akakaa, akatoa daftari la shule lililokunjika pembe. Majina kumi na moja. Mbele ya majina saba kulikuwa na kijiji na jina la mtu: bibi, mjomba, mama. Mengine manne mbele yake palikuwa peupe.

"Na hawa?"

"Hawa bado hawajatuambia, babu. Huyu wa mwisho ametuambia vijiji vitatu, tumekwenda vyote."

Mzee akavaa miwani, akasoma jina, akamtazama yule mvulana aliyekuwa analamba vidole kwenye ukingo wa baraza. Kisha akamuuliza kwa Kigiriama, polepole, baba yako alikuwa anaitwa nani.